Sura ya Sita: Dereva wa Teksi na Vijana Wake

Mwaka 1994 Chama cha Soka cha Argentina, AFA, kilimtangaza kocha mpya wa timu za taifa za vijana, na wapenzi wa kandanda wa Buenos Aires wakabaki wanaulizana: huyu naye ni nani? José Pékerman hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa hata kwa mechi moja. Hakuwa na medali ya Kombe la Dunia, katika nchi iliyojaa watu wenye medali hizo za mwaka 1978 na 1986. Alichokuwa nacho ni miaka zaidi ya kumi ya kukaa viwanjani na watoto, pamoja na mpango aliouandika kuhusu namna ya kuwalea. Rais wa AFA, Julio Grondona, akaukubali mpango huo na kumpa kazi.

Kuanzia 1995 hadi 2007 zilichezwa fainali saba za dunia za vijana chini ya miaka 20. Argentina ilichukua ubingwa mara tano. Katika mara tatu za mwanzo, yaani 1995, 1997 na 2001, Pékerman mwenyewe alikuwa benchini. Ubingwa wa 2005 na 2007 ulitokana na mfumo alioujenga. Mwaka 2007 kocha alikuwa Hugo Tocalli, aliyekuwa msaidizi wake. Hakuna nchi nyingine iliyowahi kulitawala soka la vijana kwa kiasi hicho.

Hata hivyo, rekodi hiyo peke yake isingetosha kumpa sura nzima. Nchi nyingi zimewahi kuchukua vikombe vya vijana, na baada ya miaka michache hakuna aliyekumbuka mabingwa wenyewe walikuwa akina nani. Pékerman anastahili kusomwa kwa sababu ya yale yaliyowatokea vijana wake walipokuwa watu wazima. Kocha wa vijana hupimwa huko, na jibu lake huchukua miaka ishirini kufika.

Goti

Alizaliwa Septemba 1949 huko Villa Domínguez, mji mdogo wa mkoa wa Entre Ríos, katika eneo ambalo wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki walianzisha makazi ya wakulima mwishoni mwa karne ya 19. Ukoo wake ulitokea Ukraine. Mwaka 1970 alianza kuichezea Argentinos Juniors ya Buenos Aires kama kiungo, na katikati ya miaka ya 1970 akahamia Kolombia kuichezea Independiente Medellín. Alikuwa mchezaji mzuri wa kawaida, wa aina ambayo kila ligi inayo kwa mamia: anaijua kazi yake, anaaminiwa na kocha, na jina lake haliandikwi kwa herufi kubwa gazetini.

Akiwa na umri wa miaka 28 goti liliharibika, na ikawa ndio mwisho. Alitundika daluga katika umri ambao viungo wengi ndio kwanza wanaanza kuusoma mchezo vizuri. Enzi hizo mchezaji wa kiwango chake hakuwa na akiba ya kuishi nayo, na familia ilikuwa inamtegemea. Alirudi Buenos Aires, akashika kazi iliyopatikana. Kati ya kazi hizo, inayosimuliwa zaidi ni ya udereva: alizunguka na teksi, zile nyeusi zenye paa la njano, akibeba abiria mitaani.

Waandishi hupenda kukipamba kipindi hicho cha teksi. Ukweli ni kwamba hakuna soka linalofundishwa kwenye usukani. Kilichomsaidia ni kwamba alionja mapema kile ambacho vijana wengi wa akademi hukionja baadaye: siku ambayo mpira unakwisha na maisha yanaendelea. Kati ya watoto mia wanaoingia kambini, wengi wataifikia siku hiyo wakiwa hawajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Kocha aliyepita hapo hawezi kumwambia mtoto aache shule kwa sababu ana mguu mzuri wa kushoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipata kazi ya kufundisha watoto katika klabu ya Chacarita Juniors, kisha akarudi nyumbani kwake pa zamani, Argentinos Juniors. Klabu hiyo ya mtaa wa La Paternal haina utajiri wa Boca wala River, na huishi kwa kulea wachezaji na kuwauza. Diego Maradona alianzia hapo mwaka 1976. Pékerman alikaa na vijana wa La Paternal kwa takriban miaka kumi. Ndiyo miaka ambayo Fernando Redondo alipandishwa kikosi cha wakubwa akiwa na umri wa miaka 16, na timu ya wakubwa ikachukua Copa Libertadores, ubingwa wa klabu za Amerika Kusini, mwaka 1985. Baada ya hapo alivuka milima ya Andes kwenda kuwafundisha vijana wa Colo-Colo nchini Chile. Huko ndiko alikokuwa kabla AFA haijamkabidhi vijana wa taifa.

Ezeiza

Alichokikuta kwenye timu za taifa za vijana kilikuwa aibu. Katika fainali za vijana za 1991 nchini Ureno, Argentina ilitolewa hatua ya makundi, na mechi yake na wenyeji iliharibika kwa rafu na kadi nyekundu. FIFA iliifungia. Fainali za 1993 huko Australia zikachezwa bila wao. Nchi ya Maradona ilikuwa imegeuka mfano wa namna vijana wasivyopaswa kucheza.

Pékerman alianza na tabia. Kijana aliyeitwa kwenye kambi ya Ezeiza, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Buenos Aires, alijua kwamba anatazamwa anavyokula, anavyomjibu mwamuzi, anavyomsalimia mpishi na anavyoendelea na masomo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kocha huyu hakuchelea: mwenye kipaji kikubwa na adabu ndogo alikuwa na nafasi finyu. Matokeo yalionekana. Timu zake za 1997 na 2001 zilirudi nyumbani na kombe pamoja na tuzo ya mchezo wa kiungwana. Kushinda huku unaheshimu sheria kulikuwa jambo geni katika mashindano ambayo miaka michache tu nyuma Argentina iliondoka kwa fedheha.

Pili, alitafuta wachezaji mbali na mji mkuu. Katika kikosi cha 1997 Lionel Scaloni alitoka Pujato, kijiji cha wakulima katika mkoa wa Santa Fe. Pablo Aimar alitoka Río Cuarto, mji wa bara katika mkoa wa Córdoba. Hawa ni vijana ambao macho ya Buenos Aires yangeweza kuwapita.

Tatu, na hili ndilo makocha wengi wa vijana hulikwepa, alichagua mpira wenye akili hata pale ambapo nguvu ingeleta ushindi wa haraka. Katika umri wa miaka 17 hadi 20 tofauti za miili ni kubwa. Kocha anayetaka kombe la kesho atakusanya mabonge ya vijana waliokomaa mapema, atapiga mipira mirefu, na mara nyingi atashinda. Miaka minne baadaye wenzao wanakuwa wamewafikia kwa kimo, na mabingwa wake hawana tena cha kuwazidi. Pékerman aliwapa nafasi wembamba waliojua kupokea mpira wakiwa wamebanwa. Mwaka 1997 alikuwa na namba 10 wawili wa asili, Aimar na Juan Román Riquelme. Makocha wengi wangemchagua mmoja. Yeye aliwatumia wote wawili.

Doha, Shah Alam, Buenos Aires

Fainali za 1995 zilipangwa kufanyika Nigeria, zikahamishiwa Qatar. Argentina ilipoteza mechi moja ya makundi kwa Ureno, kisha ikazinduka: Kamerun 2-0, Uhispania ya Raúl 3-0, na katika fainali mjini Doha, Brazil 2-0. Nahodha alikuwa beki wa kushoto Juan Pablo Sorín, mtoto wa Argentinos Juniors. Kocha asiyejulikana akawa bingwa wa dunia mwaka mmoja tu baada ya kupewa kazi.

Malaysia 1997 inafaa kutazamwa kwa karibu, kwani kikosi kile ndicho kilichozaa mambo mengi yaliyofuata. Hatua ya makundi Argentina ilifungwa na Australia mabao 4-3. Raundi ya pili ikakutana na Uingereza iliyokuwa na Michael Owen na Jamie Carragher, ikashinda 2-1. Robo fainali ikaitoa Brazil 2-0, na Scaloni akafunga moja ya mabao hayo. Nusu fainali ikaifunga Ireland 1-0. Fainali huko Shah Alam ilikuwa dhidi ya majirani, Uruguay, walioanza kufunga. Esteban Cambiasso, kijana wa miaka 16 tu, akasawazisha, na Diego Quintana akapachika la ushindi. Walinzi walikuwemo Walter Samuel na Diego Placente, na golini alisimama Leo Franco. Yashike majina hayo.

Mwaka 2001 Argentina ilikuwa mwenyeji. Ilishinda mechi zote saba na kufunga mabao 27. Misri ilipigwa 7-1 katika makundi, na Misri hiyohiyo ikamaliza ya tatu, jambo linaloonyesha Argentina ile ilikuwa na makali ya namna gani. Javier Saviola, mshambuliaji mfupi mwenye kasi, alifunga mabao 11 peke yake. Fainali ilikuwa dhidi ya Ghana ya Michael Essien na Sulley Muntari, nayo ikalala 3-0 kwenye uwanja wa Vélez Sarsfield. Bao la mwisho lilifungwa na Maxi Rodríguez.

Katikati ya mafanikio hayo lilitokea jambo linalomweleza mtu huyu kuliko kombe lolote. Baada ya Kombe la Dunia la 1998, Daniel Passarella aliondoka timu ya wakubwa, na Pékerman alitakiwa kuichukua. Alikataa. Akabaki upande wa vijana, akawa meneja mkuu wa timu za taifa, na ukocha wa wakubwa akapewa Marcelo Bielsa. Katika soka ambalo kila kocha wa vijana huitazama kazi yake kama ngazi ya kupandia kwenda juu, mtu kukataa timu ya taifa ya Argentina ni habari ya kusimuliwa.

Ujerumani 2006

Bielsa alipojiuzulu mwaka 2004, Pékerman hakukataa tena. Alikwenda Kombe la Dunia la Ujerumani na wachezaji 23, na kadhaa kati yao walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana mikononi mwake, wakiwemo Sorín wa 1995, Franco, Scaloni, Cambiasso, Riquelme na Aimar wa 1997, Saviola, Maxi Rodríguez, Fabricio Coloccini na Nicolás Burdisso wa 2001.

Tarehe 16 Juni, mjini Gelsenkirchen, Argentina iliifunga Serbia na Montenegro 6-0. Bao la pili bado linaonyeshwa kwenye kozi za ukocha. Mpira ulipita miguuni mwa wachezaji kwa pasi zaidi ya 20, kulia, nyuma, kushoto, bila haraka, hadi Riquelme alipompenyezea Saviola, Saviola akamwekea Cambiasso, Cambiasso akampa Hernán Crespo, na Crespo akaurudisha kwa kisigino bila kugeuka. Cambiasso akapiga wavuni. Ukimwondoa Crespo, sehemu yote ya mwisho ya bao hilo ilikuwa kazi ya vijana wa Pékerman. Katika mechi hiyohiyo aliingizwa Lionel Messi, umri miaka 18, akafunga bao lake la kwanza la Kombe la Dunia.

Siku nane baadaye Mexico ilibana hadi muda wa nyongeza. Sorín, nahodha wa Doha 1995, alikuwa upande wa kushoto. Akatazama, akaupiga mpira mrefu kuvuka uwanja mzima. Maxi Rodríguez, mfungaji wa fainali ya 2001, akautuliza kwa kifua pembeni mwa eneo la hatari, na kabla haujagusa nyasi akaupiga kwa mguu wa kushoto ukazama kona ya juu. Beki wa kulia siku hiyo alikuwa Scaloni. Pékerman alikuwa amelaumiwa sana nyumbani kwa kumchukua Scaloni na kumwacha Javier Zanetti, na mechi hiyo ndiyo pekee aliyompa kwenye mashindano yale.

Kisha ikaja Berlin, tarehe 30 Juni, robo fainali na wenyeji. Roberto Ayala alifunga kwa kichwa mwanzoni mwa kipindi cha pili. Kipa Roberto Abbondanzieri akaumia, ikabidi Franco aingie. Dakika ya 72 Pékerman alimtoa Riquelme, roho ya timu, akamwingiza Cambiasso kulinda bao. Akamtoa na Crespo, akamwingiza Julio Cruz. Nafasi za kubadilisha wachezaji zikaisha huku Messi, Saviola na Aimar wakiwa wamekaa. Dakika ya 80 Miroslav Klose akasawazisha. Kwenye mikwaju ya penalti kipa Jens Lehmann, aliyekuwa na kikaratasi kwenye soksi, alipangua wa Ayala na wa Cambiasso. Ujerumani 4-2. Pékerman akajiuzulu.

Mjadala wa mabadiliko yale haujaisha Argentina mpaka leo. Kwa maoni yangu alikosea, na kosa lenyewe lilitoka palepale ulipotoka ubora wake. Mtu aliyezoea kuwakinga vijana, kuwaingiza taratibu na kuwatunzia kesho yao, aliikinga timu yake siku ambayo ilihitaji kuachiwa. Messi alikuwa na kesho. Riquelme hakucheza tena Kombe la Dunia. Kazi ya vijana na kazi ya wakubwa zinahitaji mioyo tofauti, na ni wachache walio nayo yote miwili.

Lakini mtu hahukumiwi kwa dakika 18. Mwaka 2012 alichukua Kolombia, nchi ambako goti lake liliharibika, na kuirudisha Kombe la Dunia baada ya miaka 16. Mwaka 2014 huko Brazil aliifikisha robo fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake, huku James Rodríguez, kijana wa miaka 22, akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao sita. Mechi na Japan ilipokuwa imekwisha kuamuliwa, alimwingiza kipa Faryd Mondragón wa miaka 43, na kumfanya mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza fainali hizo hadi wakati huo. Yule aliyejua kusubiri vijana alijua pia kumuaga mzee kwa heshima.

Wavulana wa Malaysia

Mwaka 2018 Argentina ilitolewa mapema Kombe la Dunia la Urusi na ikabaki bila kocha. AFA iliikabidhi timu kwa muda kwa Scaloni, ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Kelele zilikuwa zilezile za 1994. Scaloni aliwaita wenzake: Aimar, ambaye tayari alikuwa kocha wa timu ya taifa chini ya miaka 17 na ambaye mwaka 2019 aliipa ubingwa wa Amerika Kusini, Samuel, beki wa Shah Alam, na Ayala, aliyekosa penalti Berlin.

Benchi hilo lilichukua Copa América mwaka 2021, Kombe la Dunia mwaka 2022, na Copa América nyingine mwaka 2024. Fainali ya 2022 ilichezwa Qatar, nchi ambako Pékerman alichukua ubingwa wake wa kwanza, na Argentina iliishinda Ufaransa kwa penalti 4-2. Messi alipoifunga Mexico katika hatua ya makundi, kamera zilimnasa Aimar benchini akitokwa na machozi kama mzazi.

Wengine wa kikosi kilekile wako nyuma ya pazia. Bernardo Romeo, mshambuliaji wa 1997, amekuwa mratibu wa timu za taifa za vijana. Placente amezifundisha timu hizo, na mwaka 2025 aliwafikisha vijana chini ya miaka 20 fainali ya dunia huko Chile, wakafungwa na Morocco. Waliolelewa wanalea.

Hapa ndipo viongozi wa klabu zetu na wazazi wanapopaswa kuketi na kufikiri. Tunamfukuza kocha wa watoto kwa sababu amefungwa na timu ya mtaa wa pili. Tunamshangilia anayepeleka mashindanoni wavulana wenye ndevu akarudi na ngao. Kisha tunalalamika kwamba timu ya wakubwa haina viungo. Mpe kocha wa vijana miaka, si mechi. Na siku utakapompeleka mwanao akademi, usihesabu vikombe vilivyopangwa kabatini. Uliza waliopita hapo miaka kumi iliyopita wako wapi leo, wanafanya nini, na ni wangapi kati yao wamerudi kufundisha. Ukikosa jibu, mtafutie mwanao pengine.